Sahihi Ishirini

Asubuhi ile tulikuwa wanafunzi sita wa ukunga kando ya kitanda kimoja. Nilikuwa nimetoka kwetu Nkololo nikapelekwa kufanya mafunzo ya vitendo katika kituo cha afya karibu na Mto Kagera. Mkufunzi wetu, mtawa tuliyemwita Sista, alinifunga macho kwa kitambaa na kuweka mikono yangu juu ya tumbo la mama. "Kichwa kiko wapi?" Nilikipata. Hilo alitufundisha vizuri, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mtoto alipozaliwa, mmoja wetu alimpokea. Kondo la nyuma alilitoa Sista mwenyewe, haraka, ili kitanda kimpishe mzazi mwingine. Kisha akasaini vitabu vyetu sita vya mazoezi, kila kimoja kikisema mwenyewe ndiye aliyezalisha na kutoa kondo. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Tukaenda kunywa uji.

Mizinga ilianza kabla uji haujapoa. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka.

Gari lilichukua majeruhi, Sista akaenda nao. Mimi nilitembea na wakimbizi. Siku ya pili, mchana, mama mmoja aitwaye Kokusima alishikwa na uchungu kwenye migomba.

"Nesi, umewahi kuzalisha?"

"Kitabu changu kina sahihi ishirini."

"Nimeuliza mikono."

Nilipapasa tumbo. Kichwa kilikuwa chini. Akazaliwa mtoto wa kike, akilia.

Kondo halikutoka.

Niliogopa kuvuta kitovu. Kitabuni nilikuwa nimetoa makondo ishirini.

Damu ikaja. Nilisugua tumbo, nikasali, nikasugua.

"Usilie, mwanangu," alisema Kokusima. "Ulichokijua umekifanya."

Alifariki kabla jua halijazama. Dada yake alimbeba mtoto, tukaendelea kutembea.

Sasa nimestaafu, lakini hospitali ya Bariadi huniita kuwasimamia wanafunzi wodini. Wao ni wengi, kitanda bado kimoja. Juzi binti mmoja wa Ipililo alinisogezea kitabu chake.

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "saini tu. Wenzangu wameshasainiwa."

"Kondo ulilitoa wewe?"

"Niliona likitolewa."

"Basi nitaandika uliona."

Alinuna. Wakubwa wake nao wanalalamika kwamba bibi huyu anawachelewesha watoto kuhitimu. Na wachelewe. Nina subira ya kutosha kusimama na kila mmoja wao hadi mikono yake ijue, na kalamu yangu haitatangulia mikono hiyo.

Sista nilimsamehe zamani. Mungu, naamini, amenisamehe mimi. Kokusima sikupata nafasi ya kumwomba.