Kikombe Kilichosuguliwa kwa Majivu

Nasema mapema ili mtu asinisemee: kile kikombe nilikiharibu mimi, kwa mikono yangu, na sijutii hata kidogo.

Ilikuwa Thika, miaka ya tisini. Nilikuwa najifunza kwa fundi wa redio na tochi, msichana wa pekee kwenye kibanda chake. Alikuwa fundi wa kweli, hilo simnyimi. Lakini vijana wakiunguza kitu cha mteja waliambiwa wajaribu tena. Mimi niliambiwa siku nitakayoharibu kitu, hata kifuniko, nifunge virago. Miezi mitano nilifagia na kupangusa vumbi, na nilikuwa nimeapa kutoka pale nikiwa fundi.

Kulikuwa na shosho mmoja, bibi mzee, mkunga wa Kalimoni, aliyerudi na tochi ileile mara ya tatu. Tochi ya bati, ya zamani. Akimulika, katikati panakuwa na doa jeupe la kuumiza macho, halafu duara jeusi, halafu mwanga kidogo pembeni. Alisema akimzalisha mama anaona mkono wake mmoja tu, wa pili uko gizani. Fundi alikuwa amembadilishia betri, akambadilishia balbu. Mara hii alimwambia, kwa heshima zote, kwamba labda ni macho.

Ati macho! Mimi nilikuwa nimepangusa tochi hadi nikajua siri zake. Nyuma ya kioo kuna kikombe kinachong'aa, na balbu inakaa katikati yake. Kikombe kirefu kinakusanya mwanga na kuurusha mbali. Walinzi wa mashamba ya kahawa wanakipenda, maana wanaona hadi kwenye ua. Kikombe kifupi, kilichopanuka, kinaumwaga mwanga karibu, kama maji ya karai. Cha shosho kilikuwa kirefu. Lakini nani angenisikiliza?

Ijumaa fundi akaenda msikitini, akaniachia ile tochi niisafishe ndani. Kikombe kilikuwa na kutu. Nikafanya vile mama alinifunza: majivu, maji kidogo, waya wa kusugulia sufuria, na nguvu. Kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu ya msichana, basi nilisugua kwa moyo wote. Nilipoosha, Ngai! Kikombe ambacho ungejiona uso ndani yake kilikuwa kimefifia chote, kimejaa mikwaruzo midogo midogo.

Nikakumbuka lile neno la kufunga virago. Fundi na shosho walifika karibu wakati mmoja. Fundi akachungulia ndani ya tochi, akacheka mbele ya wateja.

"Rudi jikoni ukasugue sufuria," akaniambia. "Hapa si pako."

Hapo hofu iliniisha, nikabaki na hasira tu. Nilimshika shosho mkono nikampeleka nyuma ya gunia lililotundikwa kama pazia, kwenye kona ya giza tuliyojaribia tochi mchana. Nikawasha. Doa halikuwepo. Duara jeusi halikuwepo. Mwanga haukuwa na nguvu ya kufika mbali tena, lakini ulikaa ukutani laini, sawasawa kila upande. Ile mikwaruzo ilikuwa imeuvunja na kuutandaza. Shosho akanyoosha mikono yote miwili mbele ya tochi, akaigeuza polepole.

"Yote naiona," alisema. "Msichana wangu, usikubali mtu akirudishe hiki kikombe vile kilikuwa."

Fundi alisema ni bahati tu. Akasema nikimwomba msamaha mbele ya vijana atanihurumia, niendelee kufagia. Nilimwambia sijakosa. Nikachukua leso yangu, nikaondoka bila kuaga.

Nilianza upya Ruiru, na meza moja ya mbao na kopo la majivu. Wakunga walikuja, na kina mama wanaoshona jioni. Walinzi niliwafukuza mwenyewe, kikombe chao kinafaa kibaki kinang'aa kama kioo. Siku hizi tochi za LED zinatoka kiwandani na vikombe vyenye vipele vipele, makusudi ili mwanga utandae, na watu wanastaajabu.

Kabla ya mwaka ule wa kwanza Ruiru kuisha, mteja mmoja wa Thika aliniletea salamu za yule fundi. Alikuwa anauliza, kwa upole kabisa, vile vikombe nasugua na nini.

Nikamwambia arudishe jibu: aingie jikoni kwake, aulize.