Detekta ya Siku Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, kule machimboni nje kidogo ya Katoro, nilipoishika detekta kwa mara ya kwanza nikajiona mtu mwingine kabisa. Usicheke. Wewe umekua na simu mkononi, kila mwaka kinatoka kidude kipya, na hushangai tena. Sisi tulikuwa na sururu, koleo, kamba na tochi ya kufunga kichwani. Halafu akaja mfanyabiashara mmoja na mashine yenye mpini mrefu, chini ina kitu kama sahani. Unaipitisha juu ya ardhi, na ikihisi dhahabu inakulilia masikioni. Watu waliacha kazi zao wakaenda kuitazama.

Nilikuwa kijana. Minza, binti yangu wa kwanza, alikuwa hajaanza hata shule. Nilitoka kwetu Mhunze, nikaacha pamba na ng'ombe wa baba, nikaja kutafuta maisha pamoja na rafiki yangu Masanja, ambaye tulichunga naye tangu tukiwa wadogo. Masanja ni mtu wa maneno machache. Mimi, kama unavyonisikia, kunyamaza sijui. Labda ndiyo maana tulipatana.

Tulifanya kazi kwenye duara la Mzee Nkwabi. Duara ni shimo tu, mwanangu, limekwenda chini sana, kuta zake zimezuiwa kwa magogo tunayoyaita matimba. Mmoja anashuka kuchimba, mwingine anabaki juu anavuta ndoo kwa kamba. Lakini kuvuta ndoo siyo kazi kubwa ya huyo wa juu. Kazi yake kubwa ni kusikia. Mzee Nkwabi alitufundisha hilo siku ya kwanza, kabla hata hajatuonyesha choo kilipo: aliye chini akiita "Mhola?", aliye juu aitikie "Mhola duhu." Kwa Kisukuma ndivyo tunavyoulizana kama ni salama, na kujibiana kuwa ni salama tu. Basi ilikuwa hivyo kutwa nzima, kila baada ya muda kidogo. Ukiitikiwa, unaendelea kuchimba na moyo wako umetulia.

Yule mfanyabiashara alikuwa anaikodisha mashine yake kwa siku. Nilimbembeleza wiki nzima, na zamu yangu ikaangukia siku ambayo Masanja alikuwa wa kushuka na mimi wa kukaa juu. Ningeweza kutafuta mtu wa kushika nafasi yangu. Vijana walikuwa wengi pale, ningemwomba yeyote. Sikuomba, kwa sababu niliogopa wangejua nina mashine na wangenifuatafuata. Mzee Nkwabi mwenyewe alikuwa amekwenda Geita mjini kushughulikia leseni, nikaona hakuna wa kuniuliza.

"Nitakuwa hapa hapa," nilimwambia Masanja. "Nazunguka kidogo tu na hii kitu. Shimo naliona."

"Haya," alisema, akashika kamba akashuka. Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kweli sikwenda mbali. Mdomo wa shimo niliuona vizuri muda wote. Ila mashine ile inakuja na hedifoni kubwa zinazofunika masikio yote mawili, maana mlio wa chembe ndogo ni mdogo, na bila kuziba masikio huupati. Nikazivaa. Karasha za jirani, zile mashine za kusaga mawe, zikanyamaza, pikipiki zikanyamaza, watu wakawa wanafungua midomo tu. Nilibaki mimi na ule mlio mwembamba. Nikikuambia sikufurahi nitakuwa nakudanganya. Nilifurahi sana.

Baada ya muda mlio ukapanda. Nikarudisha sahani pale pale, ukapanda tena. Nikapiga magoti nikaanza kuchimba kwa mikono yote miwili, na kichwani nilishajenga nyumba ya bati na kumnunulia baba trekta. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

Kisha mtu akanikwapua hedifoni kichwani. Alikuwa Mama Kulwa, mke wa Masanja, aliyekuwa anatuletea michembe, yale matobolwa ya viazi vikavu, na karanga kama kawaida yake. Alipita kwanza shimoni, ndipo akasikia.

"Baba Minza!" alipiga kelele. "Mume wangu anakuita huko chini, wewe unasikiliza nini?"

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi maishani, na mengine nilistahili. Hakuna tusi lililowahi kunifika kama swali lile. Nilikimbia mpaka mdomoni mwa shimo, nikaita. Sauti ya Masanja ilikuwa imekauka, lakini alikuwepo. Matimba mawili yalikuwa yameteleza, udongo ukamfunika mpaka kifuani.

Nilishuka mwenyewe. Wenzetu wa maduara ya jirani wakaja mbio, wengine wakavuta ndoo, wengine wakashusha magogo mapya ya kuzuia kuta zisije zikatumaliza wote. Tulimtoa mchana, mguu wa kulia umevunjika mara mbili. Mama Kulwa alipakata kichwa chake njia nzima mpaka hospitali, na mimi hakunitazama hata mara moja.

Mzee Nkwabi alitukuta huko huko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, na upole ule ulinitia hofu kuliko kama angenizaba kofi. Detekta bado nilikuwa nayo, nimeishika tu kama mjinga. Akaniambia niiwashe na nivae hedifoni. Nikavaa. Akaanza kusema. Midomo yake ilikwenda kwa muda mrefu, macho yake yananitazama, na mimi sisikii chochote. Nilijua ananilaani. Mwishowe akanivua hedifoni mwenyewe.

"Nimesema nini?"

"Sijui, mzee."

"Nilikuwa nakuombea, mwanangu. Wewe na Masanja. Hata dua yako mwenyewe imekupita." Akanipiga begani. "Mrudishie mwenyewe mashine yake, haina kosa. Iliwekwa isikie dhahabu, ikasikia. Wewe uliwekwa umsikie mwenzako."

Nikairudisha jioni hiyo hiyo. Pale nilipokuwa nachimba sikurudi tena, na mpaka leo sijui palikuwa na nini. Wako wanaoniambia huenda niliacha utajiri. Nawaambia huenda, tunabadilisha mazungumzo.

Siku kadhaa baadaye nilipata ujasiri wa kukaa na Masanja kitandani kwake. Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinaninyima usingizi. Nikamuuliza alifikiri nini alipoita na mimi nikakaa kimya.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nilifikiri na wewe umepatwa na kitu huko juu," alisema. "Nikawa nakuhofia."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wagonjwa na wauguzi, bila kujificha. Mtu amefunikwa na udongo mpaka kifuani, na hofu yake ni mimi, niliyekuwa nachimba utajiri wangu na masikio nimeyaziba mwenyewe.

Leo Masanja anachechemea, na ni fundi simu pale Katoro. Anavipenda vitu hivi vipya kuliko ninyi vijana. Juzi amenionyesha saa inayopima mapigo ya moyo, akanifunga mkononi, akanicheka kwa sababu niliishika kwa woga. Kwa hiyo usidhani nakukataza. Nunua, jaribu, furahi, ujanja huo umetengenezwa na watu wenye akili na ni halali yako.

Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujawasha chombo kitakachokuchukua masikio au macho, jiulize ni nani saa hiyo anakutegemea umsikie. Inawezekana ni mtoto anayecheza karibu na moto, au mama yako mgonjwa chumba cha pili, au mwenzako wa kazi. Kama yupo, mwambie wazi kwamba hutamsikia, umwekee mtu mwingine, au usubiri. Usimwache akuite huku wewe ukijifariji kwamba uko karibu. Mimi nilikuwa karibu sana.

Mungu akupe riziki yako bila machozi ya mtu, mwanangu. Akupe marafiki watakaokuhofia hata pale unapowakosea, na wewe akujalie uwafikie wangali wanaita.