Mifuko Kumi na Miwili ya Kavindu

Fundi anayejua kazi hanunui simiti kwa macho. Anabonyeza mfuko pembeni kwa vidole, akisikia ugumu anausukuma kando na kuomba mwingine. Lakini pale Kwa Vonza kulikuwa na duka moja ambalo mafundi walipakia bila kubonyeza, nalo lilikuwa duka la Kavindu.

Sifa hiyo hakuiokota njiani. Alianza na misumari, akiuza kwa kikombe juu ya gunia lililotandikwa chini, ule mwaka wa njaa, watu walipokula mahindi ya njano ya msaada, wakati Kwa Vonza yote ilikuwa maduka manne na kinu kimoja cha kusaga. Mumewe alikuwa amemwachia watoto watatu na toroli. Shule aliishia darasa la saba, lakini ukimwambia nyumba yako ni futi ishirini kwa thelathini, atakutajia mabati mangapi, mbao ngapi na misumari kilo ngapi kabla hujamaliza kujikuna kichwa. Na akishakuuzia hasahau. Hata leo ukipita naye barabara ile, atakuonyesha: lile paa ni langu, ule mlango ni wangu, yule alitaka bati jembamba nikamkataza.

Mutisya, kijana aliyekuwa anajifunza uashi, alimfikia akiwa hana hata pimamaji yake. Kavindu alimwazima moja, akawaambia wateja, "Ukitaka ukuta usimame, mwite huyu." Miaka ikapita, Mutisya akawa fundi wa kuitwa mpaka ng'ambo ya mto Athi, na mizigo yote akaichukua kwa Kavindu. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, na hakuwa anatania.

Halafu zikaja zile nyumba za kupangisha wanafunzi wa chuo. Lori lilishusha simiti asubuhi, jioni stoo ni tupu. Kavindu akazoea, akaagiza kama kwamba watu watajenga milele. Mwaka uliofuata wenye ploti wakatulia. Mvua ya Aprili nayo ikapita kwa ukuta wa nyuma, sakafu ikanywa maji, na mifuko kumi na miwili ya chini ikashika, ikaanza kuganda. Haikuwa mawe kabisa. Ilikuwa kama ugali wa jana.

Mtu mwingine angeimwaga kwa mashimo ya barabara, yakaisha. Lakini Kavindu alikuwa amesema mbele ya watu, miaka yote hiyo, kwamba dukani kwake hakuna kitu cha kutupwa. Basi Jumapili moja, ametoka ibadani, kitambaa cha kanisa bado kichwani, alijifungia stoo akaivingirisha ile mifuko mmoja mmoja sakafuni, akaipiga na kipande cha mbao mpaka mabonge yakavunjika. Alitoka humo kijivu mpaka nyusi.

Jumanne Mutisya akaja kuchukua mifuko thelathini ya tangi la kina mama wa Kanyangi.

"Mwaitu, hii ni mpya?" aliuliza akicheka, maana alikuwa ashaanza kupakia.

"Nilikuuzia ya zamani lini?"

Tangi lilijengwa kando ya kanisa ili lipokee maji ya paa. Kina mama walisomba mawe na mchanga wenyewe, wengine kwa punda, wengine kwa mgongo. Mvua ya Novemba ilipokuja lilijaa, watu wakaimba. Siku ya nne maji yalikuwa yameshuka nusu na ardhi ya chini imelowa. Lilipobaki tupu, mtu akaingia ndani akakwaruza plasta kwa ukucha, ikamwagika kama unga.

Huko Kanyangi plasta ikiwa unga hakuna anayeuliza mara mbili. Fundi ameuza simiti. Mchana alichanganya kidogo, jioni ingine ikaondoka kwa bodaboda.

Mutisya alikuja dukani Jumatano, hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Wananiita mwizi, mwaitu. Hata ile zahanati nilikuwa nianze Jumatatu, wamesema ningoje kwanza. Ijumaa kuna mkutano. Njoo tu uwaambie mifuko ilikuwa thelathini kamili."

"Nitakuja," Kavindu akasema.

Wakati wa kusema ulikuwa ule. Walikuwa wawili tu, na mlango umefungwa nusu kwa sababu ya jua. Badala yake alimtengenezea chai, akaitia maziwa mengi. Mutisya akainywa yote, akamwombea baraka, akaondoka. Usingizi ulimwacha Kavindu tangu hapo. Akifumba macho anaisikia ile mbao ikipiga.

Ijumaa akafika Kanyangi na nguo yake ya harusi za watu. Katunge, mwenyekiti wa kikundi, akampa kiti cha mbele. Kavindu akasimama akasema: mifuko ilikuwa thelathini, aliiona ikipakiwa, na Mutisya si mwizi, hajawahi kuwa. Watu wakanong'onezana. Mutisya akashusha mabega.

Kisha mzee Munyao, ambaye mke wake ni wa kile kikundi, akainua fimbo.

"Basi tumesikia, si mwizi. Ni fundi bure tu! Mifuko thelathini na tangi linakojoa?" Watu wakacheka. "Heri angekuwa mwizi. Mwizi ataacha kuiba. Sasa huyu ataacha nini?"

"Mutisya," Katunge akasema, "ulichanganya namna gani?"

"Simiti moja, mchanga tatu, mama. Si ni nyinyi mlikuwa mnajaza karai? Mlihesabu na midomo yenu."

"Tulihesabu. Sasa mbona inamwagika?"

Mutisya akafungua mikono yake, akaitazama, kana kwamba jibu limeandikwa viganjani. Kavindu alingoja amgeukie. Kama Mutisya angemtazama hata kidogo kwa mashaka, Kavindu angepata sababu ya kukasirika, na mtu aliyekasirika anaweza kunyamaza. Mutisya hakumtazama. Haikumwingia kichwani kumshuku.

"Simiti ilikuwa imekufa," Kavindu akasema.

"Ati nini?" Katunge akauliza.

Akasimama tena. "Mifuko kumi na miwili. Ilinyeshewa kwa stoo yangu ikashika. Niliivunja na mbao, mimi mwenyewe, nikaichanganya na ile mizuri. Yeye hakujua."

"Aiya!" Munyao akasema. "Na umekalia kiti chetu!"

Katunge hakupiga kelele. "Mama Kavindu, mimi nilibeba mchanga wa hilo tangi na huu mgongo mbovu unaoujua."

"Naujua."

"Nilikuuliza," Mutisya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuuliza kama ni mpya."

"Uliniuliza."

"Na juzi nikanywa chai yako."

"Ulikunywa."

Mutisya akachukua kofia yake, akatoka, akaenda kusimama kando ya tangi.

Kina mama walisema simiti nyingine italetwa na Kavindu, na fundi atalipwa naye. Alikubali kabla hawajamaliza kusema. Mutisya akaitwa, akaulizwa kama atairudia ile kazi.

"Nitairudia. Lakini simiti itoke Machakos."

"Ninayo mpya," Kavindu akasema, "imeshuka jana, mje mfungue kila mfuko wenyewe..."

"Itoke Machakos," Mutisya akarudia, kwa adabu, kama mtu anayemtajia mgeni bei.

Jumatatu lori lilitokea upande wa Machakos likiwa na turubai juu. Kavindu alikuwa mlangoni. Lingepita tu, lakini dereva hakuijua njia, akasimama mbele ya duka lake, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama. Kanyangi nakatia wapi?"

Akamwonyesha kwa mkono. "Shika hiyo ya vumbi, usiiache. Ukifika kanisani uliza Mutisya. Ni fundi mzuri. Kosa halikuwa lake."

Dereva, ambaye hakuwa ameuliza kosa lolote, alimtazama kidogo, akasema asante, akakata kona.