Ziwa Nililolipima Nikiwa na Viatu Miguuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Kati ya wote tuliopokelewa katika kituo cha maji kwenye bonde la Bugarama, mimi peke yangu nilikuwa na diploma ya serikali, niliyoisomea ng'ambo, Kongo, nikibeba matofali kila likizo. Hakuna mjomba aliyenitafutia kazi. Nilirudi Rwanda baada ya vita nikiwa na mama yangu, sufuria mbili, na diploma hiyo ndani ya mfuko wa nailoni.

Mkuu wa kituo, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi, alinipa kipimajoto kilichokaa katika ala ya bati, akaniagiza nipime maji ya mfereji. Nilikitumbukiza, nikakitoa, nikakiinua juani kwa madaha na kusoma.

"Umepima nini?" akauliza.

"Maji, Chef."

"Umepima upepo. Kioo kikitoka kimelowa, upepo unakipoza kabla jicho halijafika. Kisome kikiwa ndani ya maji, Diplomé."

Tangu hapo jina langu likawa Diplomé. Wengine walilitamka kwa kunicheka. Mimi nililipokea kama cheo.

Baada ya miezi michache nilipelekwa peke yangu kwenye ziwa dogo chini ya vilima. Ukiita mtu upande huu, wa upande wa pili anaitika. Kwenye pembe moja huingia chemchemi ya maji moto, yale tunayoyaita amashyuza. Kwenye pembe nyingine hushuka kijito baridi kutoka milimani. Kazi yangu ilikuwa kupima joto asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu maji hayo yalikwenda kwenye vitalu vya mpunga, na mche mchanga ukipata baridi hudumaa.

Nilikuwa na udadisi ambao wenzangu hawakuwa nao. Wakati wa kiangazi, alfajiri, ziwa lilifuka mvuke na watu wakasema maji yamechemka zaidi. Nilipima wiki nzima nikakuta maji ni yaleyale. Hewa ndiyo iliyopoa. Nani mwingine angeligundua? Na kwa kuwa watu waliogelea pale, wafanyakazi wa kiwanda cha saruji wakijitoa vumbi, wakulima wakinyoosha migongo, niliweka ubao mweusi ukingoni. Kila asubuhi niliandika kwa chaki joto la maji na neno moja: OGENI au NGOJENI. Hakuna aliyeniagiza. Watu walianza kutazama ubao kabla ya kuvua shati.

Kipimajoto kilikuwa kimoja tu. Siku hizo mpaka wa Kongo pale Kamanyola ulifungwa na kufunguliwa kufuatana na milio ya bunduki ng'ambo, na kikivunjika hapakuwa na pa kupata kingine. Kwa hiyo nilikifunga kwa kamba fupi, kisije kikagonga mawe ya chini. Niliona huo ni uangalifu.

Sasa mama yangu. Tulipokuwa tukitoka Kongo kwa miguu, aliweka nadhiri kwamba tukivuka wazima atabatizwa ubatizo wa maji mengi, azamishwe mwili mzima. Tulivuka, lakini miguu yake haikupona safari ile. Ilikakamaa kila ilipopata baridi. Ndiyo maana aliahirisha mara mbili. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha baada ya kiangazi, mchungaji alipanga ubatizo ziwani, naye mama akaniuliza, "Maji ya kwako itanipokea?"

"Mama, hayo maji nayajua kama daftari langu."

Jumapili ile nilipima mapema. Maji yalikuwa ya vuguvugu, mazuri kabisa. Nikaandika OGENI kwa herufi kubwa. Maman Zawadi, mfua nguo wa Rwimbogo aliyesimama majini karibu kila siku, akausoma ubao na kutikisa kichwa.

"Diplomé, futa ile. Hapa juu maji iko muzuri, lakini kule chini iko inauma miguu. Tangu mvua ianze."

"Maman, kipimajoto hakina miguu."

"Ndiyo shida yake."

Wafuaji wakacheka. Mimi nikanyoosha tai.

Waumini walifika wakiimba, waliovaa nguo nyeupe mbele. Mama alikuwa wa kwanza katika mstari kwa sababu ya umri. Alifika ukingoni, akatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Weye mwenyewe ulishaka ingia mule?"

Nyimbo zilikatika. Nilikuwa nimelipima ziwa lile mvua na kiangazi, na sikuwa nimeloweka hata kisigino. Kuogelea sikujua. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mama yangu, mchungaji, na watu wote waliosoma ubao wangu.

"Naingia sasa hivi," nikasema, nikaingia na viatu vyangu.

Magotini palikuwa raha. Nilisonga hadi kifuani, nikageuka ili niwapungie mkono, na hapo tope likateremka chini yangu. Miguu iliangukia baridi kama ya chuma. Mashavu ya miguu yakajikaza, nikapiga kelele, nikameza maji. Kitu kikanivuta shingoni: Maman Zawadi alikuwa ameshika tai yangu, ananiburuta kama mbuzi wa sokoni.

"Batoto, muone," akawaambia wenzake. "Kipimajoto imepata miguu."

Mama hakucheka. Aliketi ukingoni na nguo yake nyeupe kavu, akisugua magoti. "Kama ningekuwa mimi..." alisema. Mchungaji akaahirisha ubatizo.

Siku iliyofuata nilianza kutafuta sababu. Nilichukua chupa ya bia, nikaifunga jiwe na kamba ndefu, nikaiziba, na kizibo nikakifunga kwenye tai yangu niliyoiunga kwa kamba nyingine. Nikiwa katika mtumbwi wa kuazima niliishusha hadi chini, nikavuta tai, kizibo kikatoka na maji ya chini yakajaa. Niliipandisha haraka, nikaingiza kipimajoto mdomoni mwake. Chini palikuwa na baridi ya kijito chenyewe! Maji baridi ya mvua yanayoletwa na kijito ni mazito kuliko ya vuguvugu; huteleza chini yake na kulala sakafuni, bila dalili yoyote juu.

Mkuu wa kituo alipokuja kukagua, nilikuwa nimeandika daftarini: "Kosa la kamba fupi."

"Kamba ilikuwa na urefu wake," alisema. "Wewe je?"

Nilifuta, nikaandika: "Kosa la mpimaji. Alikaa nchi kavu."

Tangu hapo ubao ulikuwa na namba mbili, ya juu na ya chini, na kila asubuhi niliuliza miguu ya Maman Zawadi kabla ya kushika chaki. Ilipita kadiri ya mwezi. Upepo na mvua vililikoroga ziwa mpaka namba mbili zikafanana, zote za vuguvugu. Niliingia kwanza, mpaka mabegani, bila viatu. Ndipo mama akaja akiwa amenishika mkono, mchungaji akamzamisha, akaibuka akicheka huku miguu yake imesimama.

Nimefanya kazi katika vituo vingine tangu hapo, nami pia nikawa mkuu wa kituo. Kila kijana aliyeletwa kwangu na cheti chake, amri yangu ya kwanza ilikuwa moja: vua viatu, ingia. Nilipostaafu nilikabidhi kipimajoto kile kile, kizima. Tai nilibaki nayo. Imetundikwa nyumbani kando ya diploma, imekunjamana na ina rangi ya tope. Ni mama aliyeitundika, wiki ile ya ubatizo wake.

"Hii nayo," alisema, "sasa imesoma."