Nukta ya Lango la Kaskazini

Mzee Chokaa alichora mistari ya uwanja wa klabu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliufahamu uwanja ule tangu ulipokuwa kichaka na vichuguu viwili, na ni yeye aliyepigilia misumari ya jukwaa la mbao lililolia kama kitanda kibovu kila mashabiki waliposimama. Bati lake lilivuja, na watu walioketi pakavu walikuwa jamaa zake.

Siku klabu ilipotangaza kwamba uwanja utabomolewa na kujengwa upya, watu walishangilia. Mzee Chokaa yeye alikwenda moja kwa moja nyumbani.

"Watapima," alimwambia mkewe.

"Wapime tu," mkewe akajibu, akicheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi nitakuja nishuhudie."

Mama huyo peke yake ndiye aliyeijua siri. Mwaka wa kwanza wa kazi, Mzee Chokaa alipima kwa kamba nukta ya penalti ya lango la kusini vizuri kabisa, akaiacha kamba majanini, akaenda kunywa maji. Aliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa anatafuna ncha yake. Akamfukuza, akaitumia kamba ile ile kupimia lango la kaskazini, wala hakuwaza kwamba imepungua. Alikuja kugundua miaka saba baadaye. Wakati huo nukta ilikuwa imeshawapatia kombe lao la pekee, kwa penalti ya dakika ya mwisho, na aliyeipiga ndiye sasa mwenyekiti wa klabu. Nani angethubutu kuisogeza? Tangu hapo, kila alipogoma kwenda kwa wakwe, mkewe alijifunga kanga na kusema, "Basi ngoja nikamsalimie mwenyekiti."

Mpima ardhi alikuwa binti mwenye miwani na maneno machache. Mzee Chokaa alimfuata hatua kwa hatua na chupa ya chai, akimsimulia habari za hali ya hewa.

"Mzee wangu," binti akasema langoni kaskazini, "mbona hapa ni mita kumi na nusu, si kumi na moja?"

"Labda kamba yako imelowa."

"Ni ya chuma, mzee."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yao, na masikio yake hayakuwa yamezeeka. Akauliza. Mzee Chokaa akavua kofia, akaeleza yote, mbuzi na ncha na miaka. Mwenyekiti akavua koti.

"Leteni mpira. Wewe binti, weka nukta mahali pake. Na wewe Chokaa, kaa golini."

"Mheshimiwa, mimi nina miaka sitini na mitatu!"

"Kaa golini!"

Mafundi wa ujenzi wakaacha nyundo zao wakaja kutazama. Mzee Chokaa alikuwa ameshaamua kumwachia: atajitupa kushoto, mpira uende kulia kama ule wa kombe, heshima irudi, kila mtu aende nyumbani. Mwenyekiti akarudi nyuma, tumbo likamtangulia, akapiga. Mzee Chokaa akajitupa kushoto kwa moyo mweupe. Bahati mbaya mwenyekiti alikosea mguu, mpira nao ukaenda kushoto, ukamgonga kifuani ukabaki mikononi.

Mkewe peke yake, aliyekuja kushuhudia, akapiga vigelegele jukwaani.

"Alisogea kabla ya filimbi!" mwenyekiti akafoka.

"Hakukuwa na filimbi," mpima ardhi akasema, akiandika.

Mwenyekiti akamtazama, akamtazama Mzee Chokaa aliyekuwa bado chini amekumbatia mpira kama mtoto mchanga, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Kesho yake tingatinga likaingia. Uwanja mpya ulipokamilika, na mashine ya kuchora mistari ikaletwa, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempeleka Mzee Chokaa kujifunza kuiendesha. Mzee alirudi nyumbani analalamika kwamba mashine haina adabu, maana inapiga kelele ukikosea hata upana wa kidole kimoja.

"Safi sana," mkewe akasema. "Nimepata msaidizi."