Hatua za Mke Wangu

Mimi ni mvivu, na napenda sifa. Tabia hizo mbili zikikaa kwa mtu mmoja hutoa uvundo, na uvundo wenyewe nimeunusa.

Daktari aliponipa kidonge kimoja cha kila siku, akaniambia presha imepanda na nisipotembea nitaanguka, binti yetu anayefundisha Dodoma alininunulia saa ya kuhesabu hatua. Akaiunganisha na simu yake, ili kila jioni aone nimetembea kiasi gani. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka kwa muuza supu, nikarudi kwa bodaboda. Jioni akapiga: "Baba, hatua mia nane tu? Unataka kutuacha?"

Aibu ilinishika, lakini si ya kuninyanyua kitini. Kesho yake alfajiri mke wangu alikuwa anajifunga kanga aende soko la Mabibo kuchukua mboga za genge lake. Nikamwambia, "Mama, hebu ivae hii." Akaitazama, akanitazama, akanyoosha mkono. Kwao alifundwa kwamba mume husitiriwa.

Basi akatembea yeye. Sokoni, kilima chetu cha Kimara na beseni kichwani, ndoo za maji, mazoezi ya kwaya. Mimi barazani na chapati na supu ya utumbo, mafuta yakinigandia ndevuni. Jioni binti ananisifu kwenye grupu la ukoo, shemeji zangu wananiita mwanariadha. Nami, fedhuli mkubwa, nikawajibu kwamba siri ni kujituma.

Likizo ilipofika binti alikuja, tukaenda kliniki sote watatu. Presha ilikuwa juu kuliko mwanzo. Binti akampa daktari simu yake azione zile hatua. Daktari akasema kama mtu anatembea hivi na haishuki, basi dawa ndiyo haitoshi. Akaiongeza mara mbili.

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, kweli baba anatembea?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

"Anatembea sana baba yako," mke wangu alijibu, wala sauti haikutetereka.

Binti alirudi Dodoma. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nameza vidonge, viwili sasa, mke wangu akatokea na beseni lake. Nilijionea kinyaa. Nikataka kumwambia leo nakwenda naye.

"Lete saa," akaniwahi. "Mtoto asije akaona sifuri."

Nikamfunga mkononi.