Siku Mjukuu Wangu Aliponifokea Mtoni

Mjukuu wangu ana mikono ya kuvunja kuni na sauti ya kifaranga. Kosa ni langu. Nilimlea mimi, kule Naguru, nikamfundisha kwamba mtu mzima haamrishwi, anaombwa. Sasa adabu yangu ikataka kumnyima kazi. Alikuwa anajifunza kuongoza boti la mpira kwenye mto unaoshuka Mlima Elgon, na bosi wake alishamwambia: leo abiria wasipokusikia, rudi kwenu Kampala.

Mimi nilikwenda kumtazama tu. Lakini abiria mmoja aliyaona maji yanavyochemka kwenye miamba, akakumbuka ghafla kwamba ana mgongo. Nikasema, "Nipeni kasia lake."

"Jaja, hapana," mjukuu akaninong'oneza mimi bibi yake.

"Kwani nimekuuliza?"

Wakanifunga jaketi la kuelea juu ya gauni langu la gomesi. Nikawa kama gunia la kabichi pale sokoni Kalerwe. Bosi akakaa nyuma kabisa, macho kwa mjukuu wangu.

Maji yalikuwa baridi ya kung'oa meno. Ukingoni migomba, na vindege vya buluu vinatuchungulia. Mtoto akawaambia wenzangu, "Pigeni makasia!" Wakapiga. Kisha akanigeukia mimi: "Jaja, samahani, kama hujachoka, naomba upige kidogo." Loo! Kabla hajamaliza hotuba, tuligonga mwamba, boti likazunguka kama pia. Bosi akatikisa kichwa.

Nikaona huyu anarudi nyumbani kunimenyea matoke mpaka azeeke. Basi nikalaza kasia mapajani, nikatazama ndege.

"Jaja, tafadhali..."

"Sisikii. Maji yana kelele."

"Jaja, mwamba mwingine!"

"Mzuri. Mweusi."

Hapo akapasuka. "Wewe mwanamke! Piga kasia! Mbele! Piga!"

Ndege wote wakaruka. Hata bosi akajikuta anapiga kasia. Nami nikapiga mpaka mabega yakawaka, na ule mwamba ukapita kando yetu, karibu kiasi cha kuupaka mate.

Tulipotoka majini bosi akampa mkono, akamwambia kazi ni yake, aanze kesho. Mtoto hata hakumtazama. Alinipigia magoti palepale kwenye mawe, nguo zinachuruzika, machozi tele: "Jaja, nisamehe, nimekutukana."

Ningeweza kumwambia hapohapo kwamba nilimchokoza makusudi. Nikamwacha pale kidogo kwanza, maana nilikuwa nafaidi.